Bahasha Iliyofukizwa Udi

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumamosi, Bi Ibtisam alivuta droo ya kabati la sebuleni akakuta bahasha haimo. Dawa za mama mkwe wake zilikuwamo, kila pakiti mahali pake. Bahasha ya kaki, yenye paspoti tatu, tiketi za treni na barua ya kiwanda cha Ujerumani ya kukabidhiwa gari jipya Jumatatu, ilikuwa imeyeyuka. Treni ilikuwa inaondoka saa saba na dakika nne mchana.

Mardhiya alifika saa mbili na nusu. Alikuja kuwapeleka stesheni tu, lakini hata viatu hajavua akasikia kilio sebuleni. Nyuma yake, ami yake Mzee Muhiddin, mumewe Bi Ibtisam, aliufunga mlango wa mbele. Aliweka kidole gumba cha kushoto kwenye tundu la kitasa, akautelezesha ufunguo juu ya kidole hicho mpaka ukaingia, akauzungusha mara mbili, kisha akautia mfukoni.

"Hatoki mtu humu mpaka bahasha ionekane," alisema. "Mardhiya, hii si ndiyo kazi yako? Haya, tafuta."

Ilikuwa kazi yake, ingawa si kama ami alivyodhani. Kwa miaka kumi na tisa Mardhiya alikuwa akikaa nyuma ya meza ya kampuni moja ya bima huko Wembley, akisoma madai ya watu waliosema wameibiwa. Wengi walikuwa wameibiwa kweli. Waliobaki aliwanasa kwa vitu vidogo: saa, mahali, nguo. Mtu anaupanga uongo mkubwa vizuri kabisa, halafu anajikwaa kwenye kifungo cha shati.

Sebule ya nyumba ile ya Kilburn ilikuwa nyembamba, na masanduku manne yaliyofungwa kamba yaliifanya iwe nyembamba zaidi. Ukutani ilibandikwa ramani ya Ulaya. Njia ya safari ilichorwa kwa kalamu nene nyeusi, nene hata ikazifunika nchi ndogo ndogo: kutoka kiwandani hadi Austria, kupanda milima hadi Italia, pwani ya Ufaransa, Granada, kisha kurudi nyumbani. Siku kumi na saba. Safari hiyo ilipangwa kwa miaka miwili, na Mzee Muhiddin, aliyeendesha basi la London miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, hakuifanya siri. Kundi la WhatsApp la Wapemba wa London lilikuwa na picha ya gari hilo kwa pande zote, mpaka watu wakaanza kumwita Balozi. Jana yake, baada ya sala ya Ijumaa, imamu alimuombea dua mbele ya msikiti mzima.

Kati ya kabati na dirisha alisimama Agathe, mikono kaifumbata juu ya sweta yake ya rangi ya haradali. Alikuwa mlezi wa Bi Hayat, mama yake Muhiddin, aliyekuwa kitandani ghorofani. Alitoka Bukavu, Kongo. Kibali chake cha kukaa Uingereza kilishikwa na shirika la walezi lililomwajiri. Likimwachisha kwa wizi, basi na nchi imemwachisha. Na Bi Ibtisam alikuwa ameshalipigia simu shirika. Meneja wake, Bi Bhavna, angefika saa nne kamili.

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi.

"Ulifika saa ngapi, Agathe?" Mardhiya aliuliza.

"Saa moja na nusu, dada. Mama alinifungulia."

"Droo uliifungua?"

"Nilifungua. Dawa ya presha ya Bibi iko mule. Ufunguo unakaa katika kopo ya chai, wote tunajua. Nilikamata dawa, nikafunga, nikarudisha ufunguo."

"Bahasha uliiona?"

Agathe alifikiri. "Sikuiona. Lakini sikuitafuta."

Jibu hilo lilimpendeza Mardhiya. Mwongo angeapa kwamba bahasha ilikuwapo, ili aonekane aliiacha salama.

"Ufungue mkoba wake," Bi Ibtisam alisema kutoka kwenye kochi, macho mekundu. "Mwengine aliyegusa droo nani?"

Agathe aliumwaga mkoba mezani mwenyewe. Mkate uliofungwa kwa karatasi, chaja, mwavuli, picha ya watoto wawili waliovaa sare za shule. Mardhiya aliona haya kuvitazama, na alivitazama hata hivyo, kwa kuwa ndiyo njia ya pekee ya kumsafisha. Hapakuwa na bahasha.

"Dada," Agathe alisema kwa sauti ndogo, "miye niko na kitu kimoja tu katika Londres hii. Kazi. Wakinikatia kazi, wale wawili wa picha hawaendi shule. Mwambie Papa afungue mlango. Sitakimbia, ila nakosa pumzi."

Mardhiya alimfuata ami yake ukumbini. Alikuwa amesimama karibu na mlango kama askari wa zamu.

"Ami, mfungulie mwanamke wa watu."

"Nimfungulie aondoke na safari yangu?" Aliinamisha kichwa, akapunguza sauti. "Mimi nimemwona, Mardhiya. Sikutaka kusema mbele ya mke wangu, atamrukia. Nilikuwa kwenye ngazi, natoka kutawadha. Nikamwona kainama kwenye droo, na lile sweta lake la bluu, anatia kitu kwapani."

"Ulikuwa mbali naye?"

"Hatua saba. Nane."

Mardhiya alitikisa kichwa polepole, akapanda ghorofani.

Zahra, binti wa pekee wa nyumba hiyo, alikuwa amekaa sakafuni chumbani kwake kakumbatia magoti. Alizaliwa London, na Kiswahili alikielewa chote akikijibu kwa Kiingereza. Mardhiya alimuuliza moja kwa moja kama ndiye aliyeichukua.

"I wish I'd thought of it," Zahra alisema, kama anayejuta kwamba wazo hilo halikumjia yeye, kisha akaona uso wa Mardhiya akajirekebisha. Akaeleza. Alikuwa na usaili wa kazi Jumanne, kazi aliyoitamani tangu chuo, na baba yake alikataa hata kusikia. Siku kumi na saba ndani ya gari na wazazi. Alipofikiria tu alihisi kuta zinasogea. Lakini hakugusa bahasha. Alikuwa usingizini mpaka aliposikia mama yake analia.

"Baba yako yukoje siku hizi?"

Zahra alishusha pumzi. Baba alikuwa mkali kuliko zamani, alisema. Ameliuza gari la zamani wiki tatu zilizopita ilhali jipya halijaja, na tangu hapo anakwenda msikitini kwa basi. Kila jioni anamkalisha amsomee ramani, majina ya barabara, hata barua za kiwanda, eti ajizoeze Kiswahili.

"Barabara za Ujerumani zitanifundisha Kiswahili gani?" alimaliza, mara hii kwa Kiswahili, na lafudhi yake ya Kilburn ilimchekesha Mardhiya licha ya mambo yote.

"Na safari ameipangaje? Mnalala wapi?"

Zahra alimpa simu aone orodha. Kila siku ilikuwa na saa mbili au tatu za kuendesha, na kila siku waliwasili kabla ya Magharibi. Mtu aliyeendesha basi la usiku miongo mitatu hakujiwekea hata usiku mmoja wa barabarani.

Saa tatu na dakika ishirini na tano Mardhiya alirudi kwa Bi Ibtisam akakaa karibu naye.

"Mama Zahra, nielezee bahasha hiyo tangu jana."

"Jana baada ya Alasiri nilifukiza nguo za safari," Bi Ibtisam alisema, akijifuta kwa pembe ya mtandio. "Nikawasha udi kwenye chetezo, nikaweka tenga juu, nikapanga nguo. Na bahasha nikaitia humo humo. Kwetu Wete haisafiri nguo wala karatasi bila ya kufukizwa, mama yangu alikuwa hakubali. Kabla ya Isha nikaitia kwenye droo, nikafunga."

"Vyote ulivyofukiza viko wapi?"

"Masanduku ndiyo hayo. Sikufukiza kingine."

Mardhiya mwenyewe aliacha kufukiza miaka sita iliyopita, baada ya kengele ya moshi ya fleti yake kuwaita wazimamoto mara mbili kwa wiki moja. Pua yake ilikuwa imesahau, kwa hiyo sasa iliushtukia udi mara moja. Wenye nyumba hii walikuwa wakiishi ndani ya udi kila siku ya Mungu. Hawakuusikia tena, kama mtu asivyosikia friji lake likinguruma.

Alianza ghorofani, akinusa chumba kwa chumba. Chumba cha Zahra kilinukia manukato ya dukani. Kwa Bi Hayat palinuka dawa ya kuchulia. Jikoni, vitunguu. Aliteremka mpaka kwenye kabati dogo chini ya ngazi, lililotiwa viatu vya mvua na makoti ya zamani yasiyosafiri. Alifungua. Palinuka kiwi ya viatu na unyevu, na katikati yake, bila ya sababu yoyote ya kuwapo, udi.

Alipeleka uso kwenye koti moja baada ya jingine. La nne lilikuwa koti la sare ya dereva wa basi, na nembo yake kifuani. Alitia mkono katika mfuko wa ndani akatoa bahasha ya kaki.

Hakufurahi. Alikaa kwenye ngazi akaifikiria dakika tatu nzima. Mwizi hutoka na alichoiba. Agathe angekitia katika mkoba, Zahra chini ya godoro. Na koti lile kila mtu alijua haliguswi. Mke mwenyewe alikatazwa kulifua. Aliyeitia bahasha humo aliiweka mahali ambapo mkono wa mtu mwengine usingefika. Saa ya ukumbini ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi.

Aliwakusanya sebuleni. Agathe alibaki penye dirisha, Zahra mlangoni, Bi Ibtisam kwenye kochi. Ami yake alikuwa kwenye kiti chake chini ya ramani.

"Bahasha imepatikana," Mardhiya alisema akaiweka mezani. Bi Ibtisam alianza kumshukuru Mungu, lakini Mardhiya aliinua mkono. "Ami, niambie kitu. Huyu Agathe leo kavaa sweta gani?"

Mzee Muhiddin aligeuza uso kuelekea dirishani. Hatua nne. Alikaza macho, akainamisha kichwa upande kama anayetafuta pembe nzuri.

"La bluu," alisema. "Lile lake la kila siku."

Agathe aliitazama sweta yake ya haradali, kisha akamtazama yeye.

"Bahasha ilikuwa katika koti lako la basi," Mardhiya alisema. "Mwanzo nilidhani unasema uongo tu. Halafu nikakumbuka unavyotafuta tundu la kitasa kwa kidole. Kalamu nene ukutani. Zahra akisoma, wewe ukisikiliza. Gari limeuzwa, safari zote kabla ya giza. Huoni, Ami. Tangu lini?"

Mzee alifungua mdomo kukataa. Mardhiya aliyajua macho ya mtu anayetafuta mlango. Ameyaona nyuma ya meza yake mara nyingi. Kisha mabega yakamshuka.

"Daktari kanambia wiki tatu zilizopita," alisema. "Katikati ya jicho pana wingu. Pembeni naona, katikati sioni. Kasema nirejeshe leseni. Nilidhani ntapona kabla ya safari."

"Kwa nini hukuniambia?" Bi Ibtisam aliuliza, na sauti yake ilikuwa kavu.

"Nikwambie nini? Watu mia mbili wameitikia amina. Kila nikitoka naulizwa, Balozi, lini? Wewe huendeshi, Zahra haendeshi. Ningewapakia nyinyi nikawamaliza milimani, au ningesimama mbele za watu niseme Muhiddin kipofu. Nilikwama, mke wangu. Alfajiri nikaona, mtu aliyeibiwa anapewa pole tu. Anabaki na heshima yake."

"Ningekuendesheni mimi," Mardhiya alisema. "Ungeniambia tu."

"Na mimi nikae wapi?"

"Kiti cha pembeni."

Uchungu ulimpanda Mardhiya, na huruma pia, na akachagua kusema la uchungu kwanza. "Kuficha ni lako na familia yako. Lakini mwanamke huyu hakukutendea kitu. Ulisema umemwona anatia kitu kwapani."

"Ibtisam ndiye aliyemtaja. Mimi niliogopa tu. Nikaongeza."

Mlango ukagongwa. Saa nne kamili.

Agathe alikuwa wa kwanza kusema. "Papa, umwambie wewe. Miye nitasimama nisikie."

Mzee Muhiddin alikwenda ukumbini, akaliweka gumba lake kwenye kitasa, na mara hii wote walikuwa wakimtazama. Ufunguo ulikosa mara mbili. Alipofungua, Bi Bhavna alikuwa kizingitini na daftari lake. Mzee alimwambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba hakuna kilichoibwa, kwamba aliificha bahasha mwenyewe na akamzulia mlezi, na kwamba alitaka hayo yaandikwe kama alivyoyasema. Bi Bhavna alimuuliza sababu. Alisema.

Meneja aliandika yote, akafunga daftari, akamwambia Agathe kwamba kazi yake iko salama na kibali chake hakiguswi, na kwamba Jumatatu atampangia nyumba nyengine akitaka.

"Nataka," Agathe alisema.

Alipanda kumuaga Bi Hayat, akakaa huko kitambo, akashuka na mkoba wake. Mzee Muhiddin alikuwa bado ameushika mlango.

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe, Papa," alisema. "Si leo."

Akapita. Bi Bhavna akatoka nyuma yake, akaliendea gari lake mwenyewe. Hewa ya nje iliingia ukumbini, lakini mzee alibaki pale pale kizingitini, uso wake umeelekea barabarani.

"Kaelekea wapi?" alimuuliza Mardhiya. "Kaenda stesheni?"

Agathe alikuwa amesimama penye geti, hatua sita mbele ya uso wake, mkoba begani, akimtazama.

"Yuko hapo hapo, Ami," Mardhiya alisema. "Anakutazama."