Honi Mchana wa Ladadika

Saa 6:40 mchana. Katika stoo ya mafuta ya zeituni nyuma ya mgahawa uliofungwa, Argiris alichora ramani kwa kidole kwenye vumbi la meza. Dili lilikuwa jepesi. Sonara wa uchochoro wa tatu hufunga duka saa nane unusu, akala, akalala. Mtaa mzima wa Ladadika hulala. Stathis angevunja kasha la chuma la dhahabu, Argiris angeshika bastola, Pandelis angesubiri kwenye gari.

Stathis hakutaka kosa. Alikuwa na miezi mitano tu tangu atoke jela, na Jumapili bintiye alikuwa anabatizwa. Pandelis ndiye baba wa ubatizo. Mshumaa na kigauni cheupe alikwisha kununua. Siku hizi hawakuitana majina. Ilikuwa "kumbare" tu, kama waitanavyo wanaume waliounganishwa na mtoto.

Saa 9:10. Mlango wa nyuma ulitii. Saa 9:26, kasha nalo. Dhahabu yote iliingia kwenye mkoba wa vifaa wa Stathis.

Saa 9:31. Mjinga mmoja alikuwa ameegesha kigari cheupe ubavuni mwa gari lao, akaliziba, akaenda zake kunywa kahawa. Walikisukuma, hakikusogea. Stathis alitamani kulia kwa hasira. Miezi miwili ya kupanga, halafu kigari! Ndipo Pandelis akafanya kile afanyacho kila dereva wa Thesaloniki akizibwa njia: aliikandamiza honi, asiiachie, ili mwenye gari ajitokeze.

"Umerogwa?" Argiris alifoka.

Mkono wa Pandelis ulikuwa umeshazoea. Madirisha yalifunguka ghorofani. Bibi mmoja aliyevaa gauni la kulalia alimwita Pandelis punda asiyejua saa ya watu kupumzika, akasema polisi ameshawapigia. Argiris alipotelea kwenye kona bila kuaga.

Saa 9:38. Njagu wawili wa pikipiki walifika kwa ajili ya kelele tu. Stathis alikuwa ameshajitenga hatua kumi, mkoba begani, kama fundi mpita njia.

"Wewe, fundi," mmoja alimwita. "Unamfahamu huyu?"

Angesema ni kumbare wake, wangelipa faini, wakaondoka. Pandelis alikuwa mtu wa kufungwa miaka kumi bila kutaja jina la mtu, na Stathis alilijua hilo. Lakini jela ilikuwa bado imemkaa mwilini.

"Simjui."

Pandelis alilisikia neno hilo. Kisha akashuka garini.

"Afande," alisema taratibu, "mkague mkoba wake."