Mgeni wa Mlango wa Uani

Sogeeni karibu, na wewe uliye mlangoni ingia ukae, usinikalie kizingitini. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Hizo simu zizimeni. Ndani ya hadithi hii kuna mmoja ambaye akitajwa husikiliza, na sitaki alisikie jina la mtoto wa mtu humu. Mmetulia? Haya.

Ilikuwa Ramadhani, si zamani, skuli zimefungwa, na Mkoani, hapa Pemba, mchana kimya, maduka nusu milango, watu wamejilaza wanangoja magharibi. Ndipo alipokuja mwalimu wa Kiingereza kutoka Zambia, mwanamke, jina lake Chanda. Watu waliteremka gatini wakidhani watamwona Mzungu. Kwenye boti akashuka mtu mweusi kama sisi, begi la magurudumu kalitia kichwani kwa sababu gurudumu moja limekatika.

"Yakhe, mwalimu wa Kiingereza gani huyu?" mchukuzi mmoja akasema. "Mbona kafanana na shangazi yangu?"

Chanda alikuwa kajifunza Kiswahili nyumbani kwao, cha kitabuni, neno moja moja. Akamjibu, "Basi mbebee shangazi yako begi."

Wakacheka, na begi likabebwa.

Nyumba aliyopewa iko juu ya kilima, ya mawe, bati jekundu. Aliyeijenga ni marehemu Hija, mnunuzi wa karafuu, na humo humo kafia. Wanawe walipomaliza arubaini waliifunga wakahamia Unguja, skuli ikaipanga. Othman, msimamizi wa skuli, alimfungulia mlango, yeye mwenyewe asiingie.

"Mwalimu, sikufichi," akasema. "Waliokutangulia wawili waliondoka. Mmoja kaacha hata viatu. Skuli itafunguliwa baada ya sikukuu. Ukiikuta sikukuu humu ndani, kazi ni yako. Usipoikuta, wazee hawatoleta tena watoto wao kusoma, na mimi nitalifunga hilo darasa."

"Na mimi?"

"Boti ipo."

Chanda akakumbuka kaka yake alivyomcheka kule kwao, kwamba atarudi kabla ya sikukuu. Akaingia. Vile viatu akavikuta chini ya kitanda, akavipangusa vumbi, akaviweka karibu na mlango kama vya mtu anayetarajiwa.

Chanda si Mwislamu, hafungi, lakini alikuwa na adabu zake. Adhuhuri akipika chakula chake, alifunga madirisha ya mbele, asimtamanishe mtu barabarani. Mlango wa uani aliuacha wazi kidogo, moshi upate kutoka. Siku ya kwanza akapika sima na dagaa. Alipokuwa anasonga, akasikia uani sauti ya mtu mzima, ya upole, imekwaruza kidogo.

"Hodi."

Akafurahi masikini. Hili alikuwa kafundishwa: ukisikia hodi, jibu karibu.

"Karibu," akasema, na tabasamu juu.

Hakuingia mtu. Mlango ulisogea kidogo tu, kama unaosukumwa na kuku. Kikaingia kiharufu cha karafuu, si zile kavu tunazoanika majamvini, bali zilizonyeshewa gunia zima mpaka zikafanya ukungu. Chanda akachungulia uani. Kuna kamba ya nguo tu. Aliporudi, sima yake ilikuwa imemegwa. Alama ziko wazi: vidole vinne virefu, dole gumba hakuna.

Akadhani paka. Kesho yake akafunika sufuria, akaweka jiwe juu. "Hodi" haikuja tena, kwa sababu aliyekwisha kuingia hapigi hodi. Jiwe akalikuta limewekwa chini taratibu, kifuniko kando yake, na mkekani, upande wa pili wa sahani, pamebonyea kama pamekaliwa na mtu mzito aliyekunja miguu. Maji ya bakuli la kunawia yalikuwa yanacheza, yamegeuka rangi ya majivu.

Mwanzo yule mgeni alikula kidogo. Baadaye akawa anamaliza. Mwalimu wa watu akaanza kukonda, na ile harufu ikaingia katika shuka zake, katika nywele zake, mpaka jirani yake Ruweida, mshonaji, alipomletea futari jioni moja alisimama barazani na sahani yake ya mihogo, pua juu.

"Mwalimu," akanong'ona, "harufu hii mara ya mwisho niliisikia Hija yu hai."

"Hija alikuwa na nani?"

"Alikuwa anakula na mtu. Kila adhuhuri sahani mbili, na mkewe kashakufa. Alimtoa pangoni, nyuma ya mikoko, kwa ajili ya biashara zake. Hija kafa, yeye kabaki. Wanawe walifunga mlango wakakimbia, hakuna hata mmoja aliyemwambia mgeni wa baba yao kwamba karamu imekwisha." Akamshika mkono. "Ondoka, shoga yangu. Kalale kwangu, kesho upande boti. Hakuna atakayekucheka."

"Yupo mmoja atakayecheka," Chanda akasema. "Sitoki."

Siku iliyofuata hakupika. Alijisemea, nione nani atachoka kwanza. Akakaa mkekani, mwiko mapajani, sufuria tupu mbele yake, na nje jua limesimama utosini na mji mzima umenyamaza, si jogoo, si pikipiki, na katika ukimya ule akasikia mkeka unalalamika upande wa pili, halafu pumzi, ya kuvuta polepole na kuachia polepole, kama ya mtu anayenusa, halafu kucha ndani ya sufuria, krr, krr, zinakwangua ukoko usiokuwapo, zinakwangua bati lenyewe, na kila zilivyokwangua ile pumzi ikasogea, ikawa juu ya magoti yake, ikawa usoni pake, ya moto, yenye ukungu wa karafuu, mpaka vidole vinne vikamzunguka kifundo cha mkono na kumpima unene wake, taratibu, kama mama anavyompima kuku sokoni.

Chanda akauinua mwiko akauteremsha kwa nguvu zake zote hapo juu ya kifundo. Ulimuumiza mwenyewe. Lakini vile vidole vikaachia.

"Kwetu," akasema, "mgeni hamshiki mwenye nyumba."

Mlango ukabamiza. Mkononi mwake ikabaki michirizi minne, nyeusi kama masizi, isiyotoka kwa sabuni wala kwa ndimu.

Othman alipoiona aliingiza mkono mfukoni kutafuta simu, aulize boti. Chanda akamwambia aiweke. Ruweida ndiye aliyempeleka mtu kisiwani Makoongwe kumwita Bi Mize, fundi wa mambo haya, bibi mdogo wa umbo, kanga mbili na miwani iliyofungwa uzi. Alivushwa asubuhi, akapanda kilima anahema, na saumu yake mdomoni. Chetezo cha kufukizia ubani alikuja nacho, lakini hakukiwasha. Aliuzunguka ua, akanusa mlango, akakaa.

"Shikamoo, Bi," Chanda akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mwezi huu kazi zangu nimezifunga. Nimekuja kutazama tu."

"Bi Mize," Ruweida akauliza kwa sauti ya chini, "si tunaambiwa mwezi huu mashetani wanafungwa?"

"Wanafungwa wale waasi wanaozurura. Huyu kazi yake kungoja mlangoni, na mlango hakuuvunja." Akamgeukia mwalimu. "Alipopiga hodi, ulimwambiaje?"

"Karibu."

"Hukumuuliza nani?"

"Sikujua kama huulizwa."

Bi Mize akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. "Sisi hapa hodi isiyo na jina hatuijibu, na ya adhuhuri ndiyo kabisa. Waliokutangulia walikimbia kwa kumsikia tu. Wewe umemkaribisha na chakula umempa. Ubani wangu ni wa wavamizi, mwanangu. Aliyekaribishwa simwezi. Simwezi mimi, hamwezi shehe."

"Basi anaondokaje?"

"Kwenu mgeni anaondokaje?"

Chanda akafikiri. "Anapikiwa. Anafungiwa cha njiani. Halafu anasindikizwa."

"Mpaka wapi?"

"Nusu ya njia."

Bi Mize akaivaa miwani yake. "Nusu ya njia," akarudia. "Hapo ndipo roho yako ilipo. Njia ya pangoni inapita mnazi uliokatika kichwa. Usiupite. Ukiupita umefika kwake, na yeye ndiye atakayekwambia karibu, na wewe ndiye utakayekaa. Atakuvuta kwa maneno mazuri, maana adabu anazo. Umuage, na akujibu. Asipojibu hujamuaga."

"Asipojibu kabisa?"

"Rudi, ukapande boti. Hakuna aibu."

"Nitamngoja ajibu," Chanda akasema.

Adhuhuri akapika. Akasonga sima kubwa kuliko zote, akakaanga dagaa kwa nyanya, akaweka sahani mbili, na mbele ya ule mbonyeo mkekani akala yeye kwanza, tonge baada ya tonge, akitazama mbele, huku sahani ya pili inapungua. Mabaki akayafunga katika jani la mgomba. Akasimama.

"Mgeni wangu, nyumba ina kazi. Nikusindikize."

Kitu kikasimama naye. Vidole vinne vikaingia katika kiganja chake, kwa upole, kama vya mzee anayeongozwa.

Wakatoka kwa mlango wa uani. Ruweida alikuwa kwenye ukuta wa pili, kanga kaiuma meno. Alimwona mwalimu anateremka peke yake, na nyuma ya mwalimu nyasi zinalala mara mbili. Wakapita mikarafuu, ndege wananyamaza kila wanapopita. Chanda hakugeuka. Mnazi uliokatika kichwa ulipoonekana, akasimama, akalinyoosha mbele lile furushi.

"Mimi nakomea hapa. Kwaheri."

Furushi likapokewa. Mkono haukuachiwa.

"Mbele kidogo tu," ile sauti ikasema. "Jua kali. Kwangu kuna kivuli."

"Kwaheri."

"Mwalimu umechoka. Umekuja mbali. Hapa nani anakujua?" Na ilivyosema ikawa inabadilika, ukwaruzo unatoka, inakuwa nyororo, inakuwa ya mwanamke, inaingia katika lugha ya kwao, lugha ambayo hakuna mtu Pemba nzima anayeijua, na ndani ya lugha ile ilikuwa sauti ya mama yake aliyezikwa, inamwita kwa jina la utotoni, inamwambia maji ya kuoga yameshapata moto, aje, ni hapo tu, baada ya ule mnazi, na miguu yake, bila ya yeye kuiamuru, ikapiga hatua, ikapiga nyingine, mpaka kivuli cha ule mnazi kikamgusa vidole vya miguu.

Hapo Chanda akafanya jambo ambalo mtu wa huku asingelifikiria. Alikaa chini. Alikaa kitako mchangani, jua la utosi, miguu kaikunja mbali na kile kivuli, kama mtoto aliyegoma kwenda kisimani.

"Mama yangu hakuwahi kuniita nimwache mgeni asiyeaga," akasema. "Mimi nimetoka kwetu kwa miguu yangu, nimefika ninapokwenda. Nyumba ile ninalala mimi. Darasa lile ninafundisha mimi. Wewe umekula, umeshiba, umefungiwa cha njiani, umesindikizwa. Hija hakukupa zaidi ya hayo. Kwaheri."

Akangoja. Mkono ulivutwa mpaka bega likalia. Hakuinuka. Jua likashuka juu ya mikoko, midomo ikampasuka, akawa anarudia neno lile lile, kwaheri, kwaheri, sauti imebaki ya kunong'ona. Na adhana ya alasiri ilipotoka mjini, vidole vikalegea, kimoja kimoja.

Sauti ikamjibu, na safari hii ilikuwa ile ile ya kwanza, ya mtu mzima, ya upole.

"Kwaheri ya kuonana."

Nyasi zikalala upande wa pangoni, zikainuka.

Bi Mize alimsubiri barazani. Alipoambiwa jibu alilopewa, aliufungua mkono wa Chanda, akaitazama ile michirizi minne.

"Kaaga," akasema. "Hilo ndilo tulilolitaka. Hilo la kuonana ni shauri lake."

Mwezi wa sikukuu ukaandama, na Mkoani nzima ikapanda kile kilima kumtazama mwalimu aliyekaa. Siku nzima hodi, hodi. Na kila hodi Chanda akauliza, "Nani?" mpaka watoto wakaufanya mchezo, wakawa wanataja majina yao na ya babu zao kabla hawajapewa halua.

Bi Mize hayupo tena, Mungu amrehemu. Chetezo chake kakirithi binti yake kule Makoongwe, na maneno yake kayarithi Ruweida, siku hizi ndiye anayeitwa. Viatu vya yule mwalimu aliyekimbia kavirithi Othman, vimemkaa sawasawa, anaendea Ijumaa. Nyumba wana wa Hija waliikataa, ikawa ya skuli, na skuli imemwachia Chanda akae mpaka achoke, naye hajachoka. Sufuria yenye mikwaruzo minne chini ni yake. Michirizi ya mkononi ni yake. Na ile "ya kuonana" ni yake pia, hakupata wa kumwachia.

Kwa hiyo kila adhuhuri, Ramadhani na isiyo Ramadhani, anasonga sima yake na mlango wa uani kaufungua wote, si kidogo, anakaa kuuelekea, mwiko mapajani. Ziko siku karafuu zenye ukungu hunuka, na nje mtu akasema hodi kwa upole.

"Jina kwanza," Chanda humwambia, na anakula.