Vumbi la Paa Kuukuu

Watu walimwita Fundi Paka, kwa sababu juu ya paa alitembea kama paka, bila hofu wala kishindo. Msimu ule yeye na wenzake walikuwa wanabomoa paa la ghala kuukuu. Paa hilo halikuwa la bati. Lilikuwa la mabamba ya kijivu yenye mawimbi, magumu kama saruji. Waliyapiga nyundo, yakavunjika, wakayatupa chini. Vumbi lilitanda kama ukungu.

Jioni alirudi nyumbani mweupe kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

"Karibu, Baba Unga," mkewe alimtania. Alichukua ovaroli, akaikung'uta uani, kisha akailoweka. Watoto wao mapacha walicheza palepale.

Siku moja kaka yake mkubwa, aliyekuwa akiugua kifua, alizidiwa. Ujanani kaka huyo alifanya kazi kwenye kiwanda cha mabomba ya saruji. Sasa hata kufunga kamba za viatu kulimtoa pumzi. Fundi Paka aliitwa kutoka kazini, akamkimbiza kliniki bila hata kubadili nguo.

Muuguzi, mama wa makamo, alimuuliza mgonjwa maswali mengi kuhusu kile kiwanda. Kisha macho yake yakatua kwa mdogo mtu.

"Na wewe, mwanangu, hilo vumbi umelitoa wapi?"

"Juu ya paa, mama. Tunabomoa ghala. Ni vumbi tu." Akainua mkono ajipanguse.

"Usijikung'ute! Njoo nje kwanza." Walipofika nje akamuuliza, "Ni mabamba ya kijivu, yenye mawimbi, ya zamani?"

"Hayohayo."

"Basi huenda yana asbestosi, kama yale mabomba ya kaka yako. Ni nyuzi ndogo mno, jicho halizioni. Bamba likiwa zima na halijaguswa, nyuzi hubaki ndani. Ukilivunja au kulikata kwa msumeno, zinaruka. Ukizivuta, zinanasa kwenye mapafu."

"Lakini mimi ni mzima, mama. Hata mafua sina."

"Kaka yako naye alikuwa mzima. Ugonjwa huu hauna haraka. Unaweza kukaa kimya miaka ishirini, hata arobaini, ndipo ubishe hodi. Ukishaingia, tunaweza kupunguza mateso tu. Mapafu hayarudi yalivyokuwa."

"Huwa nafunga kitambaa puani."

"Unazuia moshi kwa chandarua?" Muuguzi alitikisa kichwa. "Na hizo nguo, nani anazifua?"

"Mke wangu," alisema Fundi Paka. Akilini alimwona mkewe uani, ovaroli mkononi. Aliwaona na mapacha.

Jioni hiyo alimweleza mkewe kila kitu.

"Kwa hiyo sisi tumeshapona au tumeshaumia?" mkewe aliuliza.

"Sijui. Muuguzi amesema tuende tuandikishwe, wawe wanatuangalia. Amesema kila siku tusiyovuta vumbi hilo ni faida."

"Basi na ianze kesho," mkewe alisema.

Asubuhi Fundi Paka alibaki chini ya ngazi.

"Leo paka anaogopa kupanda?" nyapara alicheka. "Vumbi halijaua mtu. Anayeliogopa akauze maua!"

"Kaka yangu naye alisema hivyohivyo. Leo hawezi kuzima mshumaa kwa kupuliza."

Akawaeleza wenzake alichosikia. Mmoja akaweka nyundo chini. Wa pili akafuata, na wa tatu, mpaka nyapara akabaki na kelele zake peke yake. Ikabidi ampigie simu mwenye ghala. Mwenye ghala, kwa kuogopa lawama, alimwita mkaguzi wa usalama kazini.

Mkaguzi alisimamisha kazi, akapeleka kipande cha bamba maabara. Jibu lilikuja: ni asbestosi.

Mafundi walifundishwa kwanza, ndipo kazi ikaanza upya. Eneo lilizungushiwa utepe, wapita njia wasikaribie. Mabamba yalilowanishwa maji, yakafunguliwa polepole, yakashushwa mazima. Yalifungwa kwa plastiki nene, tabaka mbili, yakapelekwa kwenye dampo lililoruhusiwa. Hakuna aliyefagia vumbi kavu. Kila mtu alivaa ovaroli ya kutupwa na barakoa maalumu yenye kichujio, iliyobana uso barabara. Walioga kazini kabla ya kwenda nyumbani, na nguo za kazi hazikuvuka geti.

Nyapara alilazimika kunyoa ndevu zake, maana barakoa haibani juu ya ndevu.

"Bwana harusi huyo!" mafundi walishangilia. Mwenyewe akajikuta anacheka.

Ghala lilipata paa jipya la bati. Kaka mkubwa hakupona. Lakini aliposikia kwamba mafundi wamepata paa jingine la mabamba ya kijivu, aliomba apelekwe huko. Walimkalisha kwenye kiti mbele ya mafundi wapya.

"Mimi," alisema, akatafuta pumzi, "hakuna aliyeniambia." Akapumua tena. "Nyinyi mmeambiwa."

Kisha Fundi Paka akavaa barakoa, akaikaza vizuri, na wenzake wote wakavaa zao.