Uso wa Kauri Shingoni mwa Bénie

"Dada, huo ni mukufu ama ni sahani ya chakula?"

Ndivyo Murhula alivyomsalimu Bénie bandarini Goma, boti ya Bukavu ikishusha watu na kila mtu akisukumana na mizigo yake. Bénie alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano na mkufu mzito alioutengeneza mwenyewe: vipande vya kauri ya zamani ya Wazungu, vyenye vijisura vilivyochorwa kwa brashi nyembamba, na kati yake mawe ya turmalini ya kijani na ya waridi. Alimtazama kuanzia viatu vyake vinavyong'aa hadi kwenye tai, akamuuliza kama hicho kilikuwa kichwa ama sufuria tupu, maana kelele ni moja. Murhula akacheka, akaomba namba ya simu. Mapenzi mengine huanza kwa matusi, na haya hayakuyaacha matusi hata siku moja.

Kwa miezi minane walipigiana simu kama watu wanaogombea shamba. Murhula, karani wa ofisi moja mjini, alimwita chérie, kisha akamlaumu kwa kuchelewa kupokea. Bénie alimwita roho yangu, kisha akamkatia. Bénie ni Munande wa Butembo, Murhula ni Mushi wa Bukavu, na kila mmoja aliapa kwamba kabila la mwenzake ndilo bishi. Walipendana kweli, sikatai. Ndoa ilipangwa iwe baada ya Pasaka.

Sasa sikiliza. Mama yake Murhula, Mama Séraphine, ni mjane asiyepandisha sauti. Siku moja alifika peke yake mtaa wa Mabanga, kwenye chumba cha kazi cha Bénie, akafungua leso. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya kauri: uso wa mwanamke wa Kizungu mwenye ua nyweleni. Ilikuwa pini ya kifuani aliyopewa na marehemu mume wake. Watoto waliambiwa kwamba waporaji waliichukua. Waporaji gani? Mama mwenyewe aliiponda kwa mchi siku walipoondoa matanga. Akamwomba Bénie aigeuze mkufu, auuze mbali, na asimwambie mtu, hasa Murhula, ambaye kwake baba yake ni mtakatifu. Bénie hakuuliza sababu. Aliapa kunyamaza.

Aliunga vipande vile kwa waya wa shaba bila kuzificha nyufa, akapanga turmalini kandokando. Mnunuzi alikuwa Kinshasa. Lakini Bénie ana desturi yake: hauzi mkufu mzito kabla hajauvaa mwenyewe siku nzima, ajue kama unauma shingo. Siku aliyouvaa, saa sita mchana, Murhula akaingia bila kupiga simu, sambusa mkononi.

Akauona uso ule alioujua tangu utotoni. Akauliza umetoka wapi. Bénie akajibu kwamba kuna mtu alimletea. Akauliza mtu gani. Hapo Murhula alifungulia mdomo wake: kwamba ananunua vitu vya wezi, kwamba anajipamba kwa machozi ya mama yake, kwamba alikuwa karibu kuoa bibi wa waporaji. Bénie angejiokoa kwa jina moja tu. Hakulitaja.

"Vua," Murhula alisema.

"Sivui. Toka kwangu kwanza."

Akaushika mkufu, akauvuta. Waya ulikata ngozi kabla haujakatika wenyewe. Mawe yakatawanyika sakafuni, damu ikateremka kwenye kola ya blauzi nyeupe. Murhula akatoka na kauri mkononi bila kusema pole.

Alimpelekea mama yake kama mtu aliyeshinda vita. Mama Séraphine aliuliza jambo moja tu: ameipataje. Aliposikia ameivuta shingoni, akamwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempa Bénie. Murhula akaanza kupiga simu. Alipiga mara arobaini, hazikupokelewa.

Basi ikabaki njia ya wakubwa. Jumapili Murhula na mama yake walikwenda kwa Muzee Josias, baba yake Bénie, na mbuzi na kreti mbili za bia, kuomba msamaha. Bénie alikaa amefunga kitambaa shingoni. Nisikufiche: moyoni alikuwa ameshasamehe. Alivaa hata lile gauni la buluu ambalo Murhula hulipenda. Murhula akapiga magoti, akasema alikosa, alidhani ameibiwa, sasa anajua ukweli. Muzee Josias akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akampa neno mama wa kijana, kama desturi inavyotaka. Mama ndiye humwombea mwanawe.

Mama Séraphine akasimama.

"Muzee, ile pini bwana yangu alinipa kesho yake ya siku alinikatia shenete, mukufu wangu, shingoni mbele ya watu. Alipiga magoti sawa huyu. Mama mukwe wangu akasimama, akasema vizuri sana. Papa yangu akalia. Miye nikarudi, nikakaa miaka makumi tatu, na haikuwa mara moja." Akamtazama mwanawe. "Murhula ni mutoto wangu, namupenda. Lakini miye leo sitasema vizuri."

Akaketi.

Murhula alisema, "Mama, Papa hakukuwa vile." Akamgeukia Bénie, akamwomba aseme neno, hata tusi.

Bénie angetaka kusema ndiyo, na aliona aibu kwa kutaka hivyo.

"Nakupenda, Murhula. Enda."

Muzee Josias akaagiza mbuzi afunguliwe, arudi na wenyewe. Murhula akatoka naye, ameshika kamba. Mama yake hakumfuata. Alihamia kiti cha kando ya Bénie, wakalia wote wawili, wakimlilia mwanamume yuleyule.