Aliyeosha Miguu ya Frida

Frida ni jirani yetu hapa Ilula, na haya alinisimulia mwenyewe, mchana kweupe, tukichambua maharage. Siongezi chumvi. Yaliyomo yanatosha.

Alikuwa na kibanda pembeni ya barabara kuu. Madereva wa malori walisimama kwake kwa chai na chapati, na zilizobaki alikula yeye, mumewe Sosthenes na binti yao Sifaeli wa miaka tisa. Asubuhi moja alikanda unga kama kawaida, akasukuma chapati ya kwanza, na nyayo zake zikaanza kuwaka. Alidhani amekanyaga kaa la moto. Akainua mguu kutazama. Hapakuwa na kitu.

Moto huo haukuzimika kwa miaka miwili. Mara uunguze, mara uchome kama sindano, mara miguu ife ganzi hata kandambili imvuke njiani asijue. Alilala miguu ikiwa nje ya blanketi, na baridi ya huku mnaijua. Hospitali walipima sukari, wakapima virusi, wakapiga picha ya mgongo. Safi. "Mama, huna ugonjwa," wakamwambia. Hakuna neno baya kwa mgonjwa kama hilo. Maana kwetu, kama huna ugonjwa, basi una mtu.

Mganga naye alisema hivyo hivyo: udongo wa unyayo wake umechukuliwa, na aliyeuchukua anakula naye sahani moja. Akampa mwiko. Kwa miezi minane asile kitu cha dukani, ila kilichotoka shambani kwake tu. Macho ya ukoo yakamgeukia Shangazi Devota, dada wa marehemu baba yake Sosthenes, mjane asiye na mtoto, aliyeishi chumba cha uani. Kosa lake? Alikuwa mzee, alikuwa peke yake, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini.

Shangazi hakubishana. Alisema ataosha miguu ya Frida mbele ya ukoo, kama wazee wao walivyofanya mtu akisingiziwa. Siku hiyo ilikuwa wiki ya tano ya mwiko. Mama wa watu akapiga magoti mbele ya mke wa mtoto wa kaka yake, akaosha mguu mmoja, akaosha wa pili, akatema mate ya baraka. "Kama haya maumivu ni yangu, yanirudie," alisema. "Kama si yangu, Mungu amwonee huruma huyu mtoto."

Ndani ya wiki moja Frida alipona.

Mtego ukafunga hapo. Angebaki mgonjwa, shangazi angekuwa salama. Kupona kukawa ndio ushahidi. Silvester, mdogo wake Sosthenes, aliongoza vijana wakaezua bati za kile chumba cha uani, na Frida akasimama mlangoni na miguu yake mizima. Hakusema neno. "Ningesema, dada," aliniambia, akiwa ameinamia ungo. "Lakini ilikuwa haiumi. Hujui utamu wa kitu kutouma." Shangazi akaondoka na kifurushi kimoja. Baadaye tukasikia amehifadhiwa Madibira, kwa mfugaji wa Kisukuma aitwaye Bujiku na mkewe Mbuke.

Mwiko uliisha Februari, Frida akarudia chapati zake. Machi, miguu ikawaka tena.

Safari hii Sosthenes alimpeleka Iringa mjini, kwa Daktari Avni, binti wa mzee Mulji muuza vitambaa. Huyu hakuanza na miguu. Aliuliza mgonjwa anakula nini. Akapima damu, akampitisha mpira wenye kamera hadi tumboni. "Ni ngano," alisema. "Mwili wako ukiipata unapigana nayo, na mapigano hayo yanaumiza mishipa ya fahamu. Uliwahi kuacha ngano ukapata nafuu?"

Frida akahesabu miezi ya mwiko. Akaangua kilio pale pale kwenye kiti. Daktari alidhani analilia chapati.

Aliacha ngano siku hiyo hiyo, ila mishipa haiponi kwa pupa, na nyayo ziliendelea kuunguza. Kilichomuunguza zaidi kilikuwa kingine. Alimwambia mumewe: namfuata shangazi, namrudisha nyumbani, namsafisha jina mbele ya wale wale waliomfukuza, naye awe hai ayasikie. Mwisho wa Aprili akapanda basi hadi Mafinga, akabadili gari la Madibira, na cheti cha daktari kifuani.

Alifika saa saba mchana. Jua kali. Kijiji kimya, watu wote wako kwenye mpunga wakifukuza ndege. Alielekezwa kwa Bujiku, akakuta mlango wa chumba cha pembeni uko wazi nusu.

"Hodi?"

"Karibu, mama Sifaeli."

Ndani kulikuwa na giza lisilolingana na jua la nje. Shangazi Devota alikaa juu ya kigoda, mgongo ukutani. Frida akapiga magoti, akamwamkia kwa Kihehe.

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene."

Akamweleza yote, kwa kunong'ona, hajui kwa nini ananong'ona. Si wewe. Ilikuwa ngano. Tulikukosea. Shangazi akaitazama miguu yake.

"Bado inaunguza?"

"Bado."

"Lete."

Akaishika miguu yake. Mikono ilikuwa ya baridi. Si baridi ya maji. Na moto ukazimika. Wote. Papo hapo.

"Nisamehe, shangazi. Rudi nyumbani."

"Nilitaka kurudi siku nyingi. Nilikuwa nangoja mwenye nyumba anikaribishe."

"Nakukaribisha."

"Basi natangulia," alinong'ona. Akainuka, akatoka.

Frida aliposimama kumfuata, uani hapakuwa na mtu. Alikuwepo mwanamke mmoja tu, akiingia kutoka shambani, matope hadi magotini. Ni Mbuke.

"We nani? Nani kakufungulia chumba hicho?"

"Shangazi Devota."

Mbuke alitazama kufuli. Lilikuwa chini, limefunguka. Alishika ufunguo uliofungwa kwenye pindo la kanga yake.

"Bibi tulimzika mwezi wa tatu, hakututajia ndugu wa kumwita," alisema taratibu. "Hicho chumba sijakifungua tangu siku ile."

Frida akaketi chini, akatoa cheti, akamweleza habari ya ngano.

"Aliteseka miguu yule bibi," Mbuke aliendelea. "Tangu alivyofika, Agosti. Anasema inawaka, inawaka. Tunammwagia maji, wapi! Na hiyo ngano unayosema ataila wapi? Hapa kwetu ni wali na ugali." Akashusha sauti. "Alisema akifa huo moto ataurudisha kwao."

Yeye Frida alipona Julai. Shangazi akaanza kuugua Agosti. Shangazi akafa Machi. Frida hakutaka kuendelea kuhesabu.

Akalala Mafinga, na kesho yake saa nne asubuhi alishuka Ilula. Miguu ilikuwa myepesi, haina hata mwasho. Aliniambia hajawahi kuogopa hatua zake mwenyewe kama asubuhi ile. Mlangoni alimkuta Sifaeli, hajaenda shule, miguu ndani ya beseni la maji.

"Inawaka, mama. Tangu jana mchana."

"Nani kakuwekea maji?"

"Bibi Devota." Mtoto akaweka kidole mdomoni. "Usiseme kwa nguvu. Amelala chumbani kwako. Anasema umemkaribisha mwenyewe."

Kitandani hapakuwa na mtu. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri.

Daktari Avni alimpima Sifaeli akasema ni ugonjwa ule ule, unatembea kwenye damu, mama humrithisha mwana. Mtoto akaachishwa ngano, na hadi leo bado analia na miguu. Hayo ya daktari nayaamini, sina ubishi nayo. Lakini Frida aliniita siku ile nione sakafu yake, nami nikaona. Udongo wetu hapa Ilula ni mwekundu. Pale palikuwa na matope meusi ya jaruba la mpunga, bado mabichi, nyayo za mtu mzima asiye na viatu, kutoka mlango wa mbele hadi ubavuni mwa kitanda. Nilizifuata mara mbili. Zinaingia. Hakuna zilizotoka.