Nani Amekunja Mashuka Yangu?

"Nani ameingia chumbani kwangu?"

Laurian alikuwa bado mlangoni, begi la mkewe mkononi. Hata pole ya safari hakuwa amemaliza kuitoa.

"Nani aingie, Mama Prisi? Ni mimi tu."

"Wewe?"

Akimana alimshusha mtoto mgongoni, akamweka kitandani, akageuka kutazama tena. Pazia zimefuliwa. Neti imefuliwa. Gunia la maharage, aliloliacha chini wakati wa kiangazi, limepandishwa juu ya mbao ili mvua za vuli zisilikute sakafuni. Kila kitu kilikuwa mahali ambapo yeye mwenyewe angekiweka. Ila mashuka yalikuwa yamekunjwa kwa kuviringishwa, kama mkate. Yeye hakuwahi kuviringisha shuka maishani mwake.

"Laurian, wewe ambaye hujui hata fagio linakaa wapi, ndiye umefua neti?"

"Mtu akiachwa peke yake anajifunza."

"Unajifunza na kuviringisha mashuka?"

Laurian akacheka. Kicheko kifupi, cha mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Umechoka na basi. Pumzika, nikuletee maji ya kuoga."

Maji yenyewe yalikuwa tayari yamechemshwa. Hilo ndilo lililomtia Akimana hofu zaidi.

Alikuwa ametoka Rulenge kumuuguza mama yake, aliyevunjika mguu kiangazi kilipoanza. Alidhani atakaa siku chache, akakaa mpaka mvua za kwanza. Njia nzima ya kurudi Nyantakara alikuwa akijiandaa kukuta vumbi jekundu kila pembe, vyombo vya wiki nzima na panya waliojimilikisha nyumba. Hilo angelisamehe. Usafi huu angeusamehe vipi?

Kesho yake akaenda kwa jirani, Mama Ansbert, kuomba moto.

"Karibu nyumbani. Mama anaendeleaje?"

"Anatembelea mkongojo sasa, tunamshukuru Mungu. Mama Ansbert, nikuulize kitu. Nilipokuwa sipo, hukuona mtu kwangu?"

Mama Ansbert akaanza kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri kabisa.

"Mimi si mtu wa maneno."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

"Kuna mwanamke. Anakuja na pikipiki, amejifunika khanga mpaka puani. Anapita mlango wa nyuma. Mara anaanika godoro, mara anafua. Nilimsalimia akaitikia kwa mkono tu, akaingia ndani."

"Kijana?"

"Sikumwona uso, mwenzangu. Ila mwendo wake ni wa mtu anayejua anakokwenda."

Akimana alirudi nyumbani bila moto.

Siku zile alikuwa mke asiye na cheti. Yeye na Laurian walikuwa wakiishi pamoja mwaka wa tatu, bila ndoa ya kanisani, kwa sababu mama yake Laurian alikataa katakata. Bi Domisiana wa Biharamulo mjini alisema maneno ambayo watu walimfikishia Akimana yote, bila kupunguza: "Mtoto wa wakimbizi atajua wapi kutunza nyumba? Wamelelewa kwenye turubai. Sitakanyaga humo mpaka nife." Wakikutana sokoni, bibi huyo alipita kama amepishana na mti. Mjukuu wake, Priscila, hakuwahi kumbeba.

Kwa hiyo Akimana alijua vizuri. Laurian akitaka kuleta mwingine, hakuna mzee wa kumzuia. Ndugu wa mume wangepiga vigelegele.

Jioni ile Laurian alipokuwa anaoga, simu yake ikaita kidogo mezani. Ujumbe. Jina: Speciosa.

"Kesho akienda shamba nakuja kumalizia chumbani. Asijue. Usisahau sabuni."

Akimana aliusoma, akausoma tena. Laurian akatoka bafuni anaimba.

"Speciosa ni nani?"

Wimbo ukakatika.

"Speciosa? Ni... mteja. Nilimtengenezea kabati."

"Kabati la chumbani?"

"Eeh. La chumbani."

"Limeisha?"

"Bado kidogo."

Akimana akatikisa kichwa polepole. Alitaka kulia, akaona bora asubiri.

"Basi kesho nitaenda shamba mapema," akasema. "Mvua imenyesha, nikapande mahindi."

Aliona mabega ya mumewe yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Akaumia kuliko alipousoma ule ujumbe. Kabla ya kulala alikusanya nguo za mtoto, akazifunga kwenye kitenge. Akipata alichokuwa anakitafuta, basi la Ngara, la kumrudisha kwa mama yake, lisingemwacha.

Asubuhi akabeba jembe, akamweka Prisi mgongoni, akaaga. Alipofika kona ya mgomba akakata kushoto, akaingia jikoni kwa Mama Ansbert.

"Nishikie mtoto. Na unipe mchi."

"Mchi wa nini?"

"Nina kitu cha kutwanga."

"Mama Prisi, usije ukafungwa kwa ajili ya mwanaume!"

"Sitampiga. Nataka tu auone."

Wakakaa wakichungulia kwenye tundu la ukuta. Laurian akatoka kwenda dukani. Kidogo tu, pikipiki ikasimama nyuma ya nyumba. Mwanamke akashuka, khanga mpaka puani, ndoo mkononi. Hakubisha hodi. Akaingia kama kwake.

"Mana yanje," Akimana akanong'ona, akimwita Mungu wake kwa Kirundi cha mama yake. Kisha akavuka ua.

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimesogezwa ukutani. Yule mwanamke alikuwa amepiga magoti, mgongo kwa mlango, anasiriba sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe, mkono ukienda na kurudi bila haraka.

"Wewe! Simama nikuone sura! Hiki chumba ni cha nani?"

Mwanamke akageuka. Khanga ikamteleza kichwani. Nywele zilikuwa nyeupe.

Mchi ulibaki hewani. Mdomo wa Akimana ukafunguka, na kilichotoka ni kile alichofundishwa tangu utoto.

"Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Bi Domisiana. "Weka chini huo mchi kwanza."

Akauweka. Wakatazamana.

"Mama... Speciosa ni wewe?"

"Speciosa ni binti wa jirani yangu. Simu yangu iliingia maji, naazima yake. Anaandika ninachomwambia."

"Kwa nini unakuja kama mwizi?"

Bi Domisiana akafuta mikono kwenye ndoo, akaona haifutiki, akaiacha.

"Laurian aliumwa malaria ulipokuwa Rulenge. Alikataza usiambiwe, mama yako alikuwa kitandani. Nikaitwa mimi. Nikamkuta amelala juu ya nguo chafu, sufuria zina funza. Nikafurahi, mwanangu. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema, si niliwaambia? Ndiyo mke huyo! Laurian na homa yake akaniambia, 'Mama, huu uchafu ni wangu. Usafi wake uko ndani ya sanduku, kafungue.'"

"Ukafungua?"

"Nilikuwa natafuta shuka. Nikakuta za baridi upande mmoja, za joto upande mwingine, na majani ya mwarobaini kila tabaka. Masweta ya mtoto yamefuliwa yanasubiri mvua. Viraka vimeshonwa hata huoni uzi. Nilikaa chini. Nyumba yangu mwenyewe haiko hivyo."

Bi Domisiana akasogeza ndoo pembeni.

"Nikaona nirudishe nyumba yako ulivyoiacha. Kuomba msamaha sijui, mdomo wangu mgumu. Mikono ndiyo inayojua kazi. Nikamwapisha Laurian asiseme, kwa aibu. Nilitaka nimalize kabla hujarudi, ukaniwahi."

"Mama, umenipita sokoni miaka yote hii."

"Ndiyo."

"Jana nimefunga nguo za mtoto. Nilikuwa naondoka leo."

Hapo ndipo bibi alipoinamisha kichwa. Chozi likadondokea sakafu mbichi.

"Basi nisamehe," akasema. Ilikuwa kama anang'oa jino.

Hasira ya Akimana ilikuwepo, haikwenda popote. Lakini mbele yake kulikuwa na mama mtu mzima aliyepiga magoti kwenye udongo wa nyumba aliyoapa kutoikanyaga. Akakunja kitenge chake, akapiga magoti upande wa pili.

"Hapo kwenye kona umeacha ufa. Mchwa watapita."

"Wapi?"

"Hapo. Na mashuka hayaviringishwi, mama. Yanakunjwa."

"Yakiviringishwa hayapati makunyanzi!"

"Kwangu yanakunjwa."

Bi Domisiana akamtazama, kisha akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

Ndipo Laurian akatokea na sabuni yake. Akamwona mama. Akamwona mke. Akauona mchi. Akataka kuingia.

"Usikanyage!" wakamfokea kwa pamoja.

Jioni, bibi akiwa nje amembeba Prisi hataki kumshusha, Laurian alimsogelea mkewe.

"Nisamehe. Mama aliniapisha."

"Wewe unaapa haraka sana. Umemwapia mama. Mimi umeniapia lini? Wapi?"

Laurian akamtazama mama yake na Prisi pale nje.

"Nitakuapia kanisani," akasema mwisho. "Mbele ya watu wote."

"Na hujui kudanganya, nikuambie. Kabati la chumbani!"

Walifunga ndoa mwezi wa Desemba, mvua ikinyesha kama imealikwa. Wageni walifika nyumbani na matope mpaka magotini. Mlangoni walimkuta Bi Domisiana amesimama na gunia la kufutia miguu.

"Viatu nje! Mkwe wangu hapendi uchafu."

Mtu mmoja akajaribu kupita.

"Hata wewe, baba paroko," akasema. "Viatu."