Mafahali Kumi na Wawili Mtungini

"Hiyo mtungi iko na nini, mrembo? Maziwa?"

"Mafahali," Jepchumba alijibu bila kuinua kichwa. "Kumi na wawili."

Kijana wa kibanda cha pili alicheka mpaka akashika nguzo ya hema. Jepchumba hakuona cha kuchekesha. Mtungi wake ulikuwa umejaa nitrojeni baridi kupindukia, na ndani yake mlikuwa na mbegu za mafahali wa maziwa kutoka ng'ambo, kila mmoja na picha yake kwenye bango. Kazi yake ilikuwa kuwauzia wafugaji mbegu hizo na kuwapandishia ng'ombe wao. Alikuwa amesimama hapo Njoro, kwenye siku ya wakulima, tangu saa mbili asubuhi. Sasa ilikuwa saa nane na hakuwa ameuza hata fahali mmoja.

Mvua ilikuwa imegeuza uwanja kuwa uji. Koti lake jeupe alilolipiga pasi usiku uliotangulia lilikuwa limerukiwa na tope hadi kiunoni, na raba zake nyeupe hazikujulikana tena rangi. Jirani yake, yule kijana aliyecheka, alikuwa na raha zake. Aliuza gambuti, buti ndefu za mpira. Alivaa ovaroli ya bluu na kofia ya sufi, mguu wa kulia gambuti nyekundu, wa kushoto nyeusi, ili wateja waone aina zote mbili zikitembea.

Jepchumba alimtazama kwa wivu. Hakumsikia hata mara moja akimwambia mtu anunue.

"Mathe, hiyo maji inakuingilia wapi? Kisigino ama vidole?"

"Vidole, kijana wangu. Na asubuhi natoka kukama kama nimekatwa miguu na baridi."

"Pole. Kaa hapa kwanza tuone."

Mama huyohuyo, mwenye leso ya kijani, alikuwa amepita kwa Jepchumba dakika kumi nyuma. Jepchumba alimweleza asilimia za mafuta kwenye maziwa, vizazi vitatu vya fahali na utafiti uliofanywa ng'ambo. Mama alitikisa kichwa kwa heshima, akasema "Asante, daktari," akaenda zake.

Wakati wa kufunga mahema, kijana alimletea chai kwenye kikombe cha bati. "Naitwa Kiarie. Naweza kukuambia kitu na usinikasirikie?"

"Jaribu."

"Umesomea hii kitu sana."

"Na hiyo ni makosa?"

"Hapana. Lakini ulikuwa unaongea juu ya ndama ambaye hajazaliwa. Yule mathe ako na ng'ombe nyumbani sai. Hukumuuliza hata anaitwa nani."

"Mathe?"

"Ng'ombe!"

Safari hii Jepchumba alicheka, ingawa chai ilimwunguza ulimi.

Hakumwambia siku hiyo kilichokuwa kikimsumbua. Alikuwa amemaliza diploma ya afya ya mifugo akiwa wa kwanza darasani, na siku zote aliamini kwamba kuuza ni kazi ya waliokosa nyingine. Kisha kampuni ndogo ya Nakuru ikamwajiri kwa majaribio, na mkubwa wake, Akoth, alikuwa amemwita wiki ileile. "Hakuna mtu hapa ofisini anaijua hii kazi kuliko wewe," Akoth alisema. "Lakini Juni ikiisha bila wateja, sitakuwa na la kuwaambia wakubwa. Elimu yako haitembei kwa wakulima peke yake, Jepchumba. Lazima uitembeze."

Simu zilianza jioni iliyofuata. Kiarie alikuwa amechukua nambari yake kwenye bango, akajifanya mkulima.

"Hallo, ni daktari? Mimi ni Mzee Mathenge wa Molo. Nimesikia unauza madume."

"Habari yako, mzee. Ng'ombe wako anaitwa nani?"

"Anaitwa Jepchumba. Ni mrembo lakini anapiga teke."

"Kiarie!"

"Endelea, daktari, mteja yuko kwa laini."

Kila Jumamosi Kiarie alipofunga meza zake karibu na soko la Nakuru, walikutana. Walikula samaki wa kukaanga, wakapanda mlima Menengai kutazama shimo la volkano huku upepo ukimvurugia Jepchumba mistari yake ya nywele. Kiarie alimwita daktari wa moyo, naye alimwambia aache ushamba, kisha akiwa kitandani peke yake alilitamka jina hilo taratibu aone linavyosikika. Kiarie alimfundisha kuuliza swali kisha kunyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo lilikuwa gumu.

Mwezi wa Mei, Elburgon, Jepchumba alimfikia mfugaji mmoja aliyeitwa Mama Wangui. Mama huyo alitia kidole kwenye picha ya fahali mkubwa kuliko wote. "Nataka huyu."

Ilikuwa tarehe ishirini na sita, na Juni ilikuwa mlangoni. Jepchumba alihitaji kila mteja. Alizunguka zizi, akamtazama mtamba wa mama: mdogo, nyonga nyembamba, hajawahi kuzaa.

"Huyo sikuuzii," alisema. "Ndama wake huwa mkubwa. Huyu mtamba wako hataweza. Niko na mwingine, hana umbo la kupigiwa picha, lakini ndama wake hutoka bila shida."

Mama Wangui alikaa kimya. Jepchumba naye akakaa kimya.

"Mwaka juzi mwenzako aliniuzia mkubwa kama huyo," mama alisema hatimaye. "Nilizika ng'ombe na ndama siku moja. Wewe ngoja hapa."

Alitoa simu akaanza kuwapigia wanawake wa kikundi chao cha maziwa. Kufikia Juni kuisha, Jepchumba alikuwa na wateja kutoka Elburgon hadi Turi, na Akoth aliacha kumtazama kwa huruma.

Alipomwambia Kiarie, kijana huyo alimnyanyua juu katikati ya soko. "Nipeleke kwa babako," alisema kabla hajamshusha. "Nataka anione."

Mzee Kibii, babake Jepchumba, aliwapokea nyumbani kwake Eldama Ravine Jumapili baada ya kanisa. Kiarie alivaa koti la kijivu la kuazima na viatu vilivyong'aa. Mzee aliuliza jina, akasikia ni la Kikuyu, si la Kikalenjin kama lao, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kazi.

"Niko na duka Nakuru, mzee," Kiarie alisema bila kupepesa. "Duka la viatu. Na tunafungua lingine Naivasha mwisho wa mwaka."

Jepchumba alikiweka kikombe chake cha chai mezani. Kiarie aliendelea: wafanyakazi wangapi, rafu za aina gani, mlango unatazama barabara ipi. Aliliuza duka hilo vizuri kiasi kwamba hata yeye Jepchumba alikaribia kuliona.

Waliposhuka Nakuru, Jepchumba alimgeukia.

"Duka gani, Kiarie?"

"Nitakuwa nalo."

"Hukusema utakuwa nalo. Ulisema unalo."

"Jepchumba, babako... uliona vile alinyamaza akisikia jina langu. Nikaona hiyo tayari ni kasoro moja. Sikutaka kumwonyesha ya pili."

"Kwa hivyo ukamuuzia fahali ambaye hayuko kwa mtungi."

"Si hivyo."

"Mimi nilikataa kumdanganya mama wa Elburgon na kazi yangu ilikuwa karibu kupotea. Nilidhani ni wewe umenifunza hivyo. Na mimi uliniuzia nini? Niambie. Hiyo yote ya daktari wa moyo, ni maneno ya meza ya sokoni?"

Kiarie alinyoosha mkono amshike. Jepchumba alivuka barabara akaenda.

Zilipita wiki tatu. Kiarie alipiga simu, hazikuchukuliwa. Aliandika, "Nimekosea," Jepchumba akausoma ujumbe huo mara nyingi bila kuujibu. Siku Akoth alipomwita na kumkabidhi eneo lote la Njoro, Elburgon na Molo, na vijana wawili chini yake wa kufunza kuuza, mkono wake ulikwenda kwenye simu wenyewe. Alilifikia jina la Kiarie, akairudisha simu mfukoni.

Jumatano asubuhi babake alipiga.

"Yule kijana wako alikuja jana."

"Kijana gani, Baba?"

"Kwani uko nao wangapi? Alikuja peke yake. Hata kiti hajakalia akaniambia, mzee, nilikudanganya. Sina duka. Niko na hema na meza mbili za gambuti, nazunguka na soko."

Jepchumba aliketi juu ya mtungi. "Ukamwambia nini?"

"Nilimuuliza kama hizo gambuti zake zinapasuka. Akasema nyekundu zinapasuka kwa kifundo baada ya mwaka, ninunue nyeusi."

"Baba, na jina lake?"

"Jina nililisikia. Niko na miaka sabini na moja, nimeona makabila yetu yakipigana hapa Rift. Hiyo ni yangu, nitaimeza polepole. Uongo ndio singemeza."

Kesho yake ilikuwa siku ya soko Elburgon. Jepchumba alimkuta Kiarie kati ya milundo ya gambuti, amekonda usoni, akimpimia mama mmoja. Alipomwona, aliachia mguu wa mteja ukaanguka chini.

"Sikuenda Ravine ndio urudi," alisema haraka. "Nilienda kwa sababu nilikuwa siwezi kulala. Na yale maneno niliyokuambia hayakuwa ya meza. Nikiwa na hofu ndio naongea sana. Siku ile kwa babako niliogopa."

"Na juzi hukuogopa?"

"Nilisimama kwa geti karibu nusu saa. Mbwa wenu alichoka kunibwekea."

Jepchumba alijizuia kucheka. "Basi niambie kasoro zote sasa. Bila kupamba."

"Nakaa chumba kimoja pale London, ule mtaa wa Nakuru, na kinavuja. Nakoroma. Wakati wa baridi mamangu huja kukaa na mimi. Duka naliweka akiba lakini sijui ni mwaka gani." Alijifuta mikono kwenye ovaroli. "Na nataka kukuoa. Hiyo pia sijui ni mwaka gani."

"Mimi napiga teke, ulishasema. Nalala na simu ikiwa wazi kwa sababu ng'ombe hawangoji. Na nimepewa eneo lote hili, Kiarie. Nataka kulishika kwanza, kabla ya harusi ya mtu yeyote."

"Umepewa eneo?" Sauti yake ilipanda. "Lini? Na hukuniambia!"

"Nilikuwa nimekukasirikia."

"Na sasa?"

"Sasa kidogo tu. Nitaolewa na wewe. Mwakani, mvua ikiisha."

Yule mama mwenye mguu mmoja ndani ya gambuti alikohoa. "Nyinyi, mnaniuzia ama mnaoana?"

Kabla hawajamjibu, simu ya Jepchumba ililia. Ni mkulima wa Turi, ng'ombe wake alikuwa anapanda wenzake tangu alfajiri, dalili kwamba alitaka dume. Jepchumba alimuuliza maswali matatu, akasema anakuja. Kiarie alimbebea mtungi hadi kwenye pikipiki, akaufunga kwa mpira mara mbili, akauvuta kuona kama umekaza.

"Utarudi?"

"Saa tisa. Wakati huo uwe umempigia mamako simu. Umwambie natoka Ravine, jina langu ni Jepchumba, na mukimo wenu wa viazi na mahindi sijui kupika."

"Yote mara moja?"

"Yote."

Pikipiki iliondoka ikirusha tope. Kiarie alirudi kwenye meza yake, akamwomba yule mama dakika moja, akatoa simu. Alilitafuta jina la mamake, akapiga.